Kipande cha Tatu

Kila wiki, Jumatatu mpaka Jumatano, saa kumi alasiri baba alinipa simu yake na maneno yaleyale: "Saa moja tu, na usinifutie picha za wateja." Baba ni fundi friji. Karakana yake ni chumba kirefu mbele ya nyumba yetu, friji zimesimama mistari miwili, nyingine hazina milango, nyingine zina milango lakini hazina uhai. Mimi nilikaa nyuma kabisa, juu ya kreti la soda lililopinduliwa, mgongo nimeuegemeza kwenye friji mbovu ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Hapo ndipo lilipokuwa darasa langu la Kiingereza.

Darasa hilo lilianzishwa na mwalimu wetu wa Kiingereza, mtu mwembamba asiyecheka ovyo, baada ya kuchoshwa na jambo moja. Tulikuwa tunasoma Kiingereza kwa sauti kama kasuku, ukurasa mzima bila kukwama, lakini ukituuliza tumesoma nini, tunatazama dari. Basi akatugawa katika makundi ya watu wanne wanne kwenye simu za wazazi wetu. Kila wiki alichagua hadithi moja ya Kiingereza, akaikata vipande vinne, akamtumia kila mtu kipande kimoja. Ulitakiwa ukisome, ukielewe, kisha uwaeleze wenzako kwa Kiswahili kwa ujumbe wa sauti. Wenzako hawakioni kipande chako, wanakusikia wewe tu. Ijumaa, darasani, kila mmoja anajibu maswali ya hadithi nzima kwenye karatasi yake.

"Mimi sitakuwemo kwenye makundi yenu," mwalimu alisema. "Nikiwemo, mtaongea na mimi. Nataka muongee ninyi kwa ninyi."

Kundi letu lilikuwa la watu ambao ukiwasikia mara moja huwezi kuwasahau. Kipande cha kwanza kilikuwa cha Profesa, mvulana wa miwani ambaye hawezi kusema hata "nina njaa" bila kuanza na "kimsingi". Cha nne kilikuwa cha Mzee, mwenzetu aliyelelewa na bibi yake, akawa anaita kila mtu "mjukuu wangu", hata wanaomzidi umri. Cha pili kilikuwa cha Sindano, binti wa fundi cherehani wa mtaani kwetu. Jina hilo alipewa kwa sababu mama yake macho yalikuwa yameanza kufifia, na tangu akiwa darasa la tatu yeye ndiye aliyekuwa akimtungia uzi. Kipande cha tatu kilikuwa changu. Mimi naitwa Chiriku, na shangazi aliyenipa jina hilo anasema nilianza kuongea kabla sijaota meno. Hakuna anayemwamini, lakini hakuna anayembishia.

Wiki mbili za kwanza nilisoma kama walivyosoma wengine. Wiki ya tatu nilikuta kipande changu kirefu, na kwenye simu ya baba kulikuwa na video za vichekesho. Nikasema nitasoma kesho. Kesho yake nikasema hivyohivyo. Ilipofika Jumatano, siku ya mwisho ya kutuma, wenzangu watatu walikuwa wameshaeleza vipande vyao. Nikavisikiliza. Nikajua hadithi inaanzaje, inaendaje, inaishaje. Palibaki pengo katikati, na kulijaza pengo halikuwa kazi ngumu kwa mtu mwenye mdomo kama wangu. Nikatunga.

Hakuna aliyegutuka. Ijumaa tulikosa maswali mawili, tukasema mwalimu katutega. Wiki iliyofuata nikatunga tena, na iliyofuata tena. Nilizoea. Nilijua hata kuwaigiza watu wa kwenye hadithi, huyu nampa sauti nzito, yule namfanya ana kigugumizi. Ujumbe wa Profesa ulikuwa unaleta usingizi. Ujumbe wangu ulikuwa unasikilizwa mara mbili, na mimi nilivimba kichwa.

Siku moja mama alinituma kwa fundi cherehani kupeleka sketi yangu ya shule iongezwe pindo. Nikamkuta Sindano ameinamia daftari, simu ya mama yake ameibana kati ya sikio na bega, anaandika kwa penseli. Simu ile ilikuwa ya kazi. Wateja walitumia picha za mishono na vipimo vya viuno mpaka ikawa haina nafasi, kwa hiyo ujumbe wetu wa sauti ulifutwa siku ileile ulipoingia. Sindano aliuhamishia kwenye daftari kabla haujafutwa, neno kwa neno. Nikachungulia. Kila ukurasa ulikuwa na kichwa chake: "Profesa kasema", "Mzee kasema", "Chiriku kasema". Kurasa zangu zilikuwa nyingi kuliko za wote.

"Wenzio nawafupisha," Sindano aliniambia. "Wewe nakuandika yote. Ukieleza wewe ni kama naona."

Nilifurahi. Sikuona haya hata kidogo. Ninaliandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kama nitasema kweli leo, basi niseme yote.

Wiki ya tisa mwalimu alitangaza habari iliyofanya darasa zima liache kuandika. Kulikuwa na sekondari moja ya bweni ya wasichana, yenye maktaba na walimu wa kutosha, iliyotaka msichana mmoja kutoka shuleni kwetu asome bure mpaka amalize. Wangemchukua kwa kusoma na kuelewa Kiingereza, yaani kwa jumla ya alama zetu za Ijumaa, na Ijumaa ya kumi ingehesabiwa mara mbili. Mwalimu alisoma majina mawili ya juu. La kwanza lilikuwa la Sindano. La pili, nyuma yake kwa alama chache, lilikuwa la binti wa mfamasia, aliyekuwa kundi jingine.

Mtaa mzima ulijua maana ya nafasi ile kwa Sindano. Mama yake alikuwa ameshanunua cherehani ya pili, ameifunika kitambaa, ameiweka karibu na dirisha. Alikuwa akiwaambia wateja bila kuficha: "Akipata shule ile, nitatafuta mtu wa kunitungia uzi. Asipopata, kiti chake ni kile pale. Macho yangu hayangoji." Hakusema kwa ukali. Alikuwa anasema hali ilivyo, mkono uko kwenye gurudumu na mguu haukatizi.

Mimi nilijua hayo yote. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Hadithi ya wiki ya kumi ilikuwa ndefu kuliko zote. Jumatatu nikafungua kipande changu, nikashusha kidole, nikashusha tena, maandishi hayaishi. Nikakifunga. Jumanne nilicheka na vichekesho mpaka baba akauliza kama friji imenisimulia kisa. Jumatano saa kumi nikaanza kusikiliza ujumbe wa wenzangu.

"Kimsingi," alisema Profesa, "kuna mji. Mji huu, kimsingi, una mto." Mto wa mji ule ulikuwa umeanza kunuka. Samaki wanaelea matumbo juu, watoto wanaumwa tumbo, na hakuna anayejua kwa nini.

Sindano akaendelea na kipande cha pili. Watu walimshuku mwenye kiwanda cha ngozi kilichokuwa ukingoni mwa mto. Bila kuuliza, wakaenda kulipiga mawe geti lake. Ndipo mwanamke mmoja muuza maziwa akasimama kwenye mkutano akasema, kabla ya kumhukumu mtu, tupande na mto mpaka unakotoka, tuone kwa macho. Akaondoka na wenzake wawili.

Kipande cha nne, cha Mzee, kilikuwa kifupi. "Wajukuu zangu, mwisho wake ni huu. Watu wa mji wanakwenda kwa mwenye kiwanda kumwomba radhi. Halafu wanazoa taka kwa vikapu, miaka miwili, wakubwa kwa wadogo, mpaka maji yanakuwa safi. Nimemaliza, nakwenda kuteka maji."

Nikakohoa kidogo, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Muuza maziwa nikampa sauti nene. Akatembea usiku na mchana, akafika nyuma ya kiwanda, akainua majani, na hapo akaona bomba. Bomba la siri. Linamwaga sumu mtoni polepole. Mwenye kiwanda nikampa kikohozi cha mtu aliyefumaniwa. Dakika mbili kamili. Mzee alijibu kwamba nimezaliwa na redio tumboni. Profesa akasema kimsingi ni nzuri.

Sindano alikawia. Kisha akaandika:

"Chiriku samahani. Kama kiwanda ndicho kilichochafua, mbona mwishoni watu ndio wanamwomba radhi yeye? Na mbona wanaozoa taka ni wananchi?"

Kipande cha tatu kilikuwa kwenye simu ileile niliyoishika. Ningegusa mara moja tu, kingefunguka. Dakika ishirini zingetosha kukisoma, na saa yangu ya simu ilikuwa imebaki nusu. Niliwaza hilo, nakumbuka kabisa nililiwaza. Lakini nikisoma na nikakuta nimekosea, itabidi niseme nilikosea vipi. Nikaandika:

"Wanamwomba radhi kwa sababu ya yale mawe, walimpiga kabla hajahukumiwa. Na wanazoa wao kwa kuwa yeye kashafukuzwa mjini."

Nikaona anaandika, anaacha, anaandika.

"Sawa. Mimi nilidhani labda wananchi wenyewe ndio waliochafua. Asante."

Nikamjibu: "Usifikirie sana, utajichanganya." Kisha nikamrudishia baba simu yake.

Ijumaa ilikuwa na maswali kumi. Matano yalitoka kipande cha tatu. Nilijua mara nilipoyasoma, kwa sababu swali moja liliuliza muuza maziwa alikuta nini nyuma ya kilima, na kwenye hadithi yangu hakukuwa na kilima. Sindano alikaa madawati mawili mbele yangu, upande wa kushoto. Alipofika kwenye swali lile aliacha kuandika. Akageuza kichwa taratibu akanitazama, macho yanauliza. Mimi nikajifanya natafuta kifutio chini ya dawati. Nilipoinuka, alikuwa ameshainama na kalamu inatembea.

Jumatatu mwalimu alituita wanne ofisini. Ni chumba kidogo chenye meza nne zilizosongamana, madaftari yamepangwa mpaka dirishani. Karatasi zetu alizitandaza juu ya meza, moja kando ya nyingine. Hakutuambia tukae.

"Nieleweshwe," alisema. "Watu wanne, makosa matano, maneno yaleyale. Bomba, bomba, bomba, bomba. Kwenye hadithi hakuna bomba. Walichokikuta nyuma ya kilima ni jalala la mji wenyewe. Miaka na miaka walikuwa wanapeleka taka kule ili wasizione, mvua ikaziteremsha kwenye chemchemi. Sasa bomba hili mmelitoa wapi, kama si kunakiliana?"

Akaendelea, na sauti ikawa ya chini zaidi.

"Matokeo nimeshayapeleka. Nafasi imekwenda kwa binti wa mfamasia. Sindano, ulihitaji maswali mawili. Mawili tu. Na kwa wizi huu nitaandika majina yenu wanne kwa mkuu wa shule."

Sindano hakulia. Alifungua begi akatoa daftari lake, akaliweka juu ya karatasi.

"Hatukunakiliana, Mwalimu. Tuliandika tulivyosikia kwenye kundi," alisema. "Labda mimi nilisikia vibaya."

Mwalimu akafungua ukurasa wa mwisho, akasoma kwa sauti. "Chiriku kasema. Muuza maziwa akainua majani. Akaona bomba. Mwenye kiwanda akasema, hilo si langu." Kisha akasita, akasoma neno lililokuwa kwenye mabano. "Anakohoa."

Hata kikohozi alikiandika. Ningekuwa na pa kujificha ningejificha.

"Chiriku," mwalimu alisema, "kipande chako kilikuambia hivi?"

Nilianza kusema simu ya baba ilikuwa na tatizo. Nilifika katikati ya sentensi. Profesa alivua miwani akawa anaifuta, hataki kunitazama. Mzee alinitazama, na hakuwa na utani wowote. Nikaikatiza sentensi yangu mwenyewe.

"Sikusoma, Mwalimu."

"Cha wiki hii hukusoma?"

"Sijasoma tangu wiki ya tatu."

Mwalimu akaanza kufunua daftari kurudi nyuma, wiki ya tisa, ya nane, ya saba, akilinganisha na karatasi za zamani alizozitoa kabatini. Makosa mengi ya Sindano, wiki baada ya wiki, yalikuwa yametoka kwangu. Bila mimi asingekuwa mbele kwa alama chache. Angekuwa mbele kiasi kwamba hata Ijumaa ile isingemshusha.

"Umetumaliza, mjukuu wangu," Mzee alisema polepole. Hakuna aliyecheka.

Sindano alichukua daftari lake mezani, akalirudisha kwenye begi, akafunga zipu.

"Nilikuuliza," aliniambia. Ni hilo tu alilosema, na mpaka leo hajaongeza neno juu yake.

Mwalimu alipiga simu sekondari ile mbele yetu. Alieleza, akarudia kueleza, akasema "naelewa" mara tatu. Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe, akarudi jioni viatu vimejaa vumbi. Orodha ilikuwa imefungwa, na binti wa mfamasia alikuwa ameshapelekewa barua. Yeye hakumwibia mtu, alisoma vipande vyake kwa haki, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumnyang'anya. Majina yetu hayakupelekwa kwa mkuu wa shule kama wezi. Jina langu lilipelekwa peke yake, kwa jambo lake. Nilistahili.

Nilimwambia baba mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji, anapima gesi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua kipimo, akakifuta na tambara. Nilitegemea anichape. Hakunichapa. Alifunga karakana mchana kweupe, wateja wawili wakiwa wanasubiri, akasema, "Twende."

Njiani aliongea mara moja tu. "Mimi nikimwambia mteja gesi imejaa na sijapima, chakula chake kitaoza, atarudi kunitukana. Wewe ulifikiri uongo wako hautaozesha kitu."

Fundi cherehani alikuwa anashona sare za shule, marundo ya kola nyeupe yako miguuni pake. Nilimwamkia, akaitikia, mguu haukusimama. Kile kitambaa kilichofunika cherehani ya pili hakikuwepo tena. Sindano alikuwa ameketi mbele yake, anajifunza kunyoosha mstari kwenye vipande vya nguo mbovu. Hakuinua kichwa.

Baba alieleza. Alieleza vizuri, bila kunipunguzia. Katikati ya maelezo cherehani ilinyamaza.

"Mama, nisamehe," nilisema. "Pole sana. Nakuomba."

"Pole haitungi uzi," alisema.

Akavua miwani yake, akanitazama kwa namna ya watu wanaoona ukungu, akisogeza uso karibu.

"Mimi Kiingereza sikijui," alisema. "Shule niliiacha nikiwa mdogo kuliko wewe, macho yangu yakiwa mazima. Lakini hili halihitaji Kiingereza. Mwanangu alikuuliza swali. Jibu ulikuwa nalo mkononi. Ungesema 'sijasoma', neno moja, angekungoja usome, au angekuomba umtumie asome yeye. Kutojua si aibu, mwanangu. Uvivu nao una dawa, mtu anainuka anafanya kazi. Lakini mtu anayekuamini ukimpa uongo aushike kama ukweli, unamwibia hata akili aliyokuwa nayo. Huyu jibu alikuwa ameshalipata kichwani mwake. Wewe ukamwambia asifikirie sana."

Kumbe alikuwa amesoma. Ujumbe wangu wa maandishi haukufutwa, ulikuwa bado kwenye simu yake. Nililia, na hakuna aliyenibembeleza, wala sikuona kwamba nilistahili kubembelezwa.

"Sasa sikiliza," fundi aliendelea. "Mtihani wa kumaliza shule ya msingi umebaki wiki nane. Kuna sekondari ya kutwa hapa mjini, si kama ile, haina maktaba, lakini ni shule. Akifaulu ataingia. Ila mimi bila mtu wa kunisaidia alasiri siwezi, na mtu huyo amekuwa yeye, ndiyo maana vitabu anavisomea jikoni. Kuanzia kesho saa kumi, utakuja wewe. Utatunga uzi, utafumua, utakata nyuzi zilizoning'inia. Yeye atasoma. Baba Chiriku, unasemaje?"

"Atakuja," baba alisema. "Na simu yangu atakuja nayo, ili kipande chake akisomee hapa mbele yako."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, kila siku, wiki nane. Siku za kwanza nilijichoma vidole mpaka nikachafua kola kwa damu, nikazifua mwenyewe. Sindano alikaa dirishani na vitabu vyake. Alinijibu nilipomsemesha, hakuninunia, lakini zile soga za zamani hazikuwepo. Alikuwa akiongea nami kama anavyoongea na mteja.

Mwalimu naye alibadilisha taratibu. Alisema kosa jingine lilikuwa lake, kwamba alitufundisha kutegemeana bila kutufundisha kuhakikisha. Kuanzia wiki ile, kila Alhamisi vipande vyote vinne vilifunguliwa kwa kundi zima, ili kila mtu alinganishe alichosikia na kilichoandikwa. Wengine walilalamika kwamba kazi imeongezeka. "Ndiyo," mwalimu aliwajibu, "mtasoma mara mbili. Mnaumwa wapi?" Alama za darasa zilipanda. Profesa alianza kuuliza maswali makali, na mara nyingine alisahau kusema kimsingi.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani nilipata kipande kigumu, cha mtu anayetengeneza saa. Nilikisoma mara nne pale kwa fundi, kamusi iko pajani kando ya mkasi, maneno nisiyoyajua nimeyaandika pembeni. Mahali pamoja sikupaelewa kabisa. Nilipomaliza nikamgeukia Sindano, kwa kuwa alikuwa palepale na sikuhitaji kumrekodia. Nikamweleza polepole, bila kuigiza sauti ya mtu. Nilipofika pale pagumu nikamwambia, "Hapa sijaelewa. Naweza kukisia, lakini sijaelewa."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuandika. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe simu nisome mwenyewe."

Haikuwa Alhamisi, lakini nikampa. Alisoma kimya, midomo inacheza kidogo, akarudi juu, akasoma tena. Mimi nilikaa na sindano mkononi, kama mtu anayesubiri matokeo. Akanirudishia.

"Ni hivyo ulivyosema," alisema. "Na pale pagumu hata mimi sipaelewi. Tumuulize Mwalimu kesho."

Hakutabasamu. Akarudi kwenye kitabu chake. Nadhani uso wangu ulionyesha kitu, kwa sababu fundi cherehani, aliyekuwa hata hajageuka, alisimamisha mguu wake.

"Usikasirike akikukagua," aliniambia. "Zamani alikuamini bure, ukaona ni kitu cha bure. Sasa atakukagua mpaka siku atakayoona basi, inatosha. Inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa mwakani. Inaweza isifike. Siku hiyo hupangi wewe. Cha kwako ni kusoma."

"Sawa, mama," nilisema.

Akaninyooshea sindano iliyoishiwa uzi, nami nikaipokea.